Kuni Zilizoimba

Ua la pasheni ya manjano si la asubuhi. Hulala mpaka jua likae utosini, ndipo linafunguka, na jioni hujifunga. Katika saa hizo chache asipopita wa kulichavusha, kesho yake utalikuta chini limenyauka, na mahali palipotarajiwa tunda pamebaki kikonyo kitupu. Kwa bahati mbaya ya Kananu, saa za ua ndizo zile zile ambazo mpishi wa shule humaliza zamu ya alfajiri na kutaka kitu kimoja tu duniani: kuinua miguu juu ya stuli.

Alikuwa anakaribia miaka sitini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipita katika jiko la shule moja ya sekondari mjini Embu, akikoroga githeri ya mahindi na maharagwe kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, katika sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto. Fundi cherehani aliyemshonea nguo za kanisani hakumpima tena. Alishazoea kukata kitambaa kwa kulifuata bega hilo.

Mchana huo wa mwisho wa Novemba alitoka shuleni, akapita chini ya mijakaranda, akaingia mtaa wa Dallas. Mlango wa ploti anayokaa aliupita bila kuutazama, asije akashawishika, akaenda moja kwa moja bustanini. Kwenye mfuko wa sweta akatoa brashi ndogo ya kupakia poda usoni. Akagusa unga wa manjano wa ua la kwanza, akaupeleka kwenye ua la mtambaa wa pili, akapaka. Pasheni hii haikubali chavua ya mtambaa wake wenyewe. Lazima itoke kwa jirani. Kwa hiyo haikutosha kusimama mahali pamoja. Ilikuwa ni kwenda na kurudi, mikono juu, shingo nyuma, kama mtu anayepaka dari rangi.

"Mama Koome, siku hizi umeandikwa kazi na nyuki?" Mukami alimwuliza kutoka chini kwenye matuta ya sukuma. Mukami aliuza mboga mtaani, na nyingi zilitoka kwenye matuta hayo.

"Wako likizo. Nashika zamu yao."

"Wakirudi waambie na mimi nataka likizo kama hiyo."

Nyuki hawakuwa likizo. Walikuwa wamechomwa, na moto wao ukachemsha chai.

Kiwanja hicho kilikuwa jaa zamani. Ni mali ya kanisa. Lilikinunua lijenge ukumbi, mpango ukakwama, na watu wa mtaa wakakijaza nepi, chupa na mifuko. Kananu na wanawake wenzake wa kikundi waliomba wakisafishe walime. Wakaruhusiwa kwa muda, na hakuna aliyeuliza muda huo una urefu gani. Upande wa chini, linakopita bomba la maji, walipanda sukuma na mboga za kienyeji, terere na managu. Upande wa juu, wenye kokoto, walipanda pasheni na kuziachia zitambae juu ya waya. Nguzo za waya hawakuzitafuta mbali. Palikuwa na magogo ya mukima, mti ule unaopandwa mipakani mwa mashamba ya kahawa, yamelala hapo tangu kabla ya kanisa kununua. Yalikuwa makavu, ya kijivu, yamepinda. Wakayasimamisha hivyo hivyo.

Bustani ikashika. Mwaka wa pili pasheni zilizaa mpaka waya ukalegea. Vipepeo walionekana mahali ambapo watoto wa ploti walikuwa wamezoea kuona inzi tu, na wapangaji wa ghorofa za nyuma wakaanza kufungua madirisha ya upande huo. Mchana maua yalipofunguka ulisikika mvumo mzito, kama wa pikipiki iliyo mbali. Walikuwa wale nyuki weusi wakubwa, wanono, wanaotoboa mbao. Walikuwa wamejichimbia vijishimo vya duara kwenye zile nguzo na kuishi humo. Hakuna aliyewajali. Kwa mtu wa Meru au Embu, nyuki ni yule anayejaza mzinga, ambaye asali yake hubebwa kwenda kwa wakwe siku ya mahari. Asiye na asali ni mdudu.

Kananu mwenyewe ni mzaliwa wa Kanyakine. Aliolewa na Gikunda, dereva kutoka Ruiri, aliyepata kazi Embu na kumleta mjini wakiwa vijana. Wameru wa Embu hutaniwa kwamba wanaongea kama wanagombana; Kananu alizoea, akaongea kidogo. Gikunda alipofariki, mtoto wao Koome alirudi Ruiri kwenye ardhi ya babu yake, akapanda vitunguu na kufuga mbuzi, akamjengea mama chumba. Kila alipopiga simu alikitaja hicho chumba, kama mtu anayekumbusha mgonjwa dawa.

Mke wa Koome ni mtu mzuri, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Katika jiko la mkaza mwana mzuri, mama mkwe hupewa kiti. Kananu hakuwahi kupewa kiti maishani. Aliogopa kwamba akikikalia hatainuka tena.

Mwakani anastaafu. Walikuwa wameafikiana na Koome waziwazi: bustani ikibaki, mama atabaki Embu, kanisa likiichukua, atafunga virago aende Ruiri. Kwa hiyo kile kilichokuwa juu ya waya zile hakikuwa pasheni peke yake.

Mambo yaliharibika mwezi wa Agosti, na yaliharibika kwa sababu ya usafi.

Wazee wa kanisa walitangaza kwamba watakuja kuibariki bustani. Huku mlimani shamba humsema mwenyewe hata asipokuwepo. Gugu moja likionekana, mwenye shamba ni mvivu. Uwanja usiofagiliwa ni tusi kwa mgeni. Mama yake Kananu, kule Kanyakine, alikuwa akifagia uwanja mpaka udongo unang'aa kama sahani. Basi wanawake waling'oa kila kilichoota bila kupandwa, hata yale magugu ya kando ya ukuta yenye maua madogo ya manjano. Wakafagia. Kisha wakazitazama zile nguzo za kijivu zenye matundu, wakaona aibu. Muthamia, fundi wa mbao, akawaletea nyingine zilizonyooka kama askari, amezipaka oili chafu ya magari zisiliwe na mchwa. Nguzo za zamani wakazikata kuni za kuchemshia chai ya wageni.

"Kuni hizi zinaimba," Mukami alisema akizisukuma motoni, wakacheka, maana kweli zilikuwa zikivuma. Nyuki wachache walitoka wakazunguka juu ya moshi. Mtu mmoja akafunika sufuria wasianguke ndani ya chai.

Wageni walisifu sana. Mwalimu Nyamu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kanisa, alikunywa kikombe cha pili na kusema, "Sasa hapa ni mahali pa watu."

Oktoba mvua ikaja, pasheni zikachanua kuliko wakati wowote, na bustani ikawa kimya. Maua yalifunguka, yakajifunga, yakaanguka. Mukami alidhani ni jicho la jirani. Wengine walisema ni mbolea, wakaongeza mbolea; majani yakanona, maua yakaendelea kuanguka. Mwishowe Wanja, mdogo wao kuliko wote, mwenye saluni karibu na stendi, alimpigia simu baba yake anayelima pasheni Runyenjes. Alirudi akiwa ameshika simu mkononi bado.

"Mzee ameuliza kitu kimoja tu. Wale weusi wapo?"

Kananu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliona tena ile sufuria na kifuniko chake.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Nyamu akatangaza ibadani kwamba kanisa linahitaji mahali pa kuegesha magari. Kamati ingekuja kukitazama kiwanja kabla ya Krismasi. Alipotoka nje alimwambia Kananu bila kumficha: "Mama Koome, bustani inayozaa ninaweza kuitetea mbele ya watu. Ya majani, sitaweza."

Ndipo Wanja akaleta brashi kutoka saluni, na wanawake wakapangiana zamu za mchana. Wiki ya kwanza walikuja wengi, wakicheka, wakipakana chavua mashavuni. Ya pili walikuja wachache. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli: mtoto ana homa, kibanda hakina wa kukiangalia, mgongo. Kananu hakumlaumu mtu. Yeye naye alikuwa na mgongo. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa wakingojewa na kiti kule Ruiri.

Siku moja, kabla ya kwenda bustanini, alipitia kwenye karakana ya Muthamia. Fundi alikuwa anapiga ubao randa, shavu moja limejaa majani ya muguka anayotafuna.

"Fundi, wale wadudu weusi wanapenda mbao gani?"

Muthamia akasimamisha randa. "Wamekuja kwako? Chukua sindano, jaza petroli, piga ndani ya..."

"Sitaki kuwaua. Nataka waje."

Fundi akautoa muguka shavuni ili aongee vizuri. "Mama Koome. Hao nimewapiga vita tangu nishike msumeno. Wametoboa boriti za nyumba yangu mpaka bibi ananicheka, eti ni fundi gani huyu anayelala ndani ya chujio. Na wewe unawaalika?"

"Wanapenda nini?"

"Wanapenda kila kitu ninachokataza! Mbao laini, kavu, haijapakwa rangi, haijapakwa oili. Ipate jua lakini isinyeshewe. Ukitaka kunifungisha kazi, hiyo ndiyo dawa."

"Na zile nguzo ulizotuletea?"

"Hizo? Hata mchwa anapita akisalimia tu." Alisema kwa fahari. Kisha akauona uso wa Kananu, na fahari ikamtoka. Akaenda nyuma ya karakana, akarudi akiburura gogo la mukima, la kijivu, jepesi kwa ukavu. "Chukua. Hili sikuwa na kazi nalo. Lakini ukishalifunga, usilisogeze. Mmoja akiingia, ukimhamisha, anakwenda zake. Hao si kuku."

Kananu alilifunga kwa waya chini ya kipaa cha mabati, kwenye ukuta wa upande wa juu. Baba yake Wanja alikuwa ameshauri pia kwamba magugu yenye maua yaachwe, nyuki wapate cha kula siku ambazo pasheni hazijachanua. Kananu akayaacha. Kila jioni mkono wake ulitaka kuyang'oa, na kila jioni aliuingiza mfukoni. Gogo lilikaa hivyo, halina tundu hata moja. Magugu yalipanda mpaka kiunoni.

Kwa brashi, matunda yalianza kushika: mawili hapa, moja kule, pengine manne kwenye tawi moja. Si kama mwaka ule wa kulegea waya. Yalitosha kuonyesha kwamba mtambaa haujafa, hayakutosha kumfurahisha mtu.

Kamati ilisema itakuja Jumamosi. Ijumaa Mukami alifika na jembe na ufagio.

"Tuanze na hili pori la juu."

"Hilo tunaliacha," Kananu akasema.

"Mama Koome, wazee wanakuja kesho! Hilo gugu linafika hapa." Akajigusa kiunoni. "Watasema nini?"

"Watasema lina maua."

"Watasema yule Mmeru mpishi amechoka."

"Si uongo."

Mukami alisubiri wagombane. Kananu hakuwa na nguvu za kugombana. Alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, viatu kando, vidole vya miguu vimevimba kama viazi. Mukami akafagia upande wa chini peke yake, kwa hasira, akatifua vumbi kubwa kuliko lililohitajika.

Jumamosi mchana Mwalimu Nyamu alikuja na wazee wawili wa kamati. Walipita upande wa chini wakatikisa vichwa kwa kuridhika: sukuma zimesimama, matuta yamenyooka, njia imefagiliwa. Walipopanda juu, vichwa vilibadili namna ya kutikisika. Mwalimu alisogeza gugu kwa fimbo yake. Akalitazama gogo.

"Na huyu amenyongwa kwa kosa gani?"

Wazee wakacheka. Kananu akafungua mdomo, lakini Mukami alimtangulia, yule yule wa jana mwenye ufagio.

"Mwalimu, si mlitufundisha ukipenda boga penda na ua lake? Basi ukipenda pasheni, penda na gogo lake."

"Boga nimeliona," Mwalimu akajibu. "Hilo gogo ndilo bado sijalipenda." Lakini alikuwa ameyaona matunda. Aliinua moja kwa kiganja, akalipima uzito, akaliachia. Akasimama akifikiri, mikono juu ya fimbo.

"Sikilizeni, mama zangu. Mimi si adui wa mboga. Lakini Jumapili magari yanaziba barabara, na mwezi uliopita mama mmoja aligongwa na bodaboda akitoka ibadani. Hilo siwezi kulifumbia macho. Hapa kuna matunda, si mengi. Tulizungumza tukija njiani. Nusu ya kiwanja itachukuliwa, nusu mtabaki nayo, na hiyo sitaki tena iitwe ya muda. Chagueni upande wenu sasa, trekta linakuja Januari."

"Wa chini," Mukami akasema papo hapo. "Hata hilo si swali. Maji yako chini."

Wote walimgeukia Kananu, maana ndiye mwenyekiti wa kikundi. Yeye alikuwa ameinama. Kwenye jani la gugu, chini kabisa ya gogo, palikuwa na unga. Alidhani ni vumbi la ufagio wa jana. Akaugusa: ulikuwa wa rangi ya mahindi mabichi, mkavu, mwororo, na ulipomgusa kidole ulinukia mbao. Akainua macho. Upande wa chini wa gogo, ambako hakuna aliyeangalia, palikuwa na tundu la duara, safi, kama lililotobolewa kwa keekee ya fundi. Wakati akitazama, unga mwingine kidogo ukamwagika, na ndani ya tundu kitu cheusi kikageuka.

Alijua jibu lenye busara. Bomba liko chini. Udongo mzuri uko chini. Kuchagua juu ni kupandisha maji kwa ndoo kila jioni, kwa magoti yale yale na bega lile lile, kwa miaka ambayo alikuwa ameitengea kupumzika.

"Wa juu," akasema.

"Mama Koome!" Mukami alishika kichwa. "Maji yatapanda yenyewe?"

"Nitayabeba."

"Na sukuma zangu?"

"Sukuma inaota hata kwenye gunia. Tutajaza magunia, tutayapanga huku. Pasheni haihami. Na huyu," akaonyesha tundu, "hahami."

"Huyu nani?" Mwalimu Nyamu akavaa miwani, akainama kwa shida, akachungulia. "Hiki kidudu?"

"Ndiye aliyezaa pasheni ulizokula mwaka jana, mwalimu. Ndugu zake tuliwachemshia chai yako."

Mmoja wa wazee alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Mwalimu alijiinua polepole, akavua miwani, akaifuta kwa leso ingawa haikuwa na kitu.

"Ile chai ilikuwa nzuri," akasema mwishowe, na haikujulikana kama anatania au anatoa pole.

Kamati iliondoka. Mukami alishuka kwenye matuta yake bila kuaga, akasimama katikati ya sukuma kama mtu aliyefika kwenye msiba. Kananu hakumfuata. Baadaye kidogo Mukami alitoka nje ya geti. Alirudi na magunia matupu begani, akayatupa miguuni mwa Kananu.

"Udongo utajaza wewe."

"Nitajaza."

"Na nikisikia umeugua mgongo, sikuletei uji."

"Utaleta."

Mukami akafyonza. Lakini alikaa chini, akavuta gunia la kwanza, akaanza kulikunja mdomo.

Simu ya Kananu ikalia. Alikuwa Koome.

"Mama, wamesemaje?"

"Wametuachia nusu."

"Basi na wewe utakuja nusu?" Akacheka peke yake. Kananu alisikia mbuzi nyuma yake, na upepo wa Ruiri unaovuma kwenye simu kama mtu anayepuliza chai. "Kile chumba nimekitia rangi, Mama."

"Weka vitunguu humo kwanza."

Koome akaelewa. "Umechoka, Mama. Nasikia kwa sauti."

"Nimechoka," akasema. "Hiyo haijabadilika."

Alipoirudisha simu mfukoni, vidole vyake viligusa brashi. Jua lilikuwa limeinama lakini maua yalikuwa bado wazi, mengi, waya mzima, na nyuki alikuwa mmoja tu, tena mwenye kazi ya nyumba. Kananu akavaa viatu. Akaenda mwisho wa waya, mbali kabisa na gogo, akainua mikono, akaanza. Alikwenda na kurudi, ua kwa ua, mpaka mwanga ulipopungua na petali zikaanza kujikunja. Yale maua yaliyo karibu na gogo hakuyagusa. Alimwachia yule mweusi.